Moshi Unatafuta Njia: Jiko Lilivyotoka kwenye Mafiga Matatu

Leo hatuzungumzi vita wala wafalme. Tunazungumzia jiko.

Swali tunaloulizwa sana na akina mama, na siku hizi hata na vijana wa kiume wanaojipikia, ni hili: "Nijenge jiko la namna gani, na je, nitoboe nyumba niweke bomba la moshi?" Anayeuliza ana sababu. Macho yanamwasha, mtoto anakohoa usiku kucha, na mzigo wa kuni aliokwenda kuutafuta mbali umekwisha kabla ya siku tatu. Nitajibu, lakini kwa njia ndefu kidogo, maana swali hili ni la zamani kuliko kambi zetu zote, na waliolijibu kabla yetu waliacha mafunzo ambayo hatuna haja ya kuyalipia mara ya pili.

Tuanze na mawe matatu. Mswahili wa pwani anayaita mafiga, wengine mafya. Mnyarwanda anasema amashyiga, na Mrundi hayuko mbali naye. Sikiliza maneno hayo yanavyofanana, utajua kwamba bibi zetu walipika kwa namna moja kabla mipaka haijachorwa. Na usiyadharau mawe hayo. Hayana bei. Yanapokea sufuria ndogo ya uji na sufuria kubwa ya matanga. Yamekaa imara, unasonga ugali kwa nguvu zako zote na sufuria haipinduki. Moto wake unatoa mwanga jioni, unapasha watoto joto, na moshi wake unakausha mahindi yaliyoning'inizwa juu na kufukuza wadudu kwenye nyasi za paa. Anayekuja na jiko jipya na kumwambia mama atupe mafiga, mara nyingi hakuhesabu kazi zote hizo.

Ubaya wake nao tunaujua. Upepo unaingia kutoka kila upande. Joto jingi linakimbilia pembeni na angani, na sehemu ndogo tu ndiyo inayoingia kwenye chungu. Moto ambao haukupata hewa na joto la kutosha hauunguzi kuni mpaka mwisho, na kile kilichobaki bila kuungua ndicho moshi. Kwa hiyo moshi unaokutoa machozi ni kuni zako mwenyewe, zinaondoka kabla hazijafanya kazi.

Wengine hudhani kwamba kupika ndani ya moshi ni mambo ya Afrika. Si kweli. Ulaya watu wa kawaida waliishi na moto katikati ya nyumba kwa karne nyingi, moshi ukitafuta tundu la paa kama unavyotafuta kwetu. Bomba la moshi, ambalo watu wa pwani huliita dohani, lilianza kwenye ngome na nyumba za wakubwa. Lilichukua mamia ya miaka kufika kwa mkulima. Uingereza ilifika mahali serikali ikaona kwamba meko ni dalili ya mali, na mwaka 1662 ikaanzisha kodi ya meko: shilingi 2 kwa kila meko kwa mwaka. Maofisa waliingia majumbani kuhesabu. Watu waliichukia sana, ikafutwa mwaka 1689. Fikiria mtu anakuja hodi kuhesabu mafiga yako.

Lakini zile dohani za mwanzo zilikuwa na kasoro kubwa. Zilikuwa pana kiasi cha mtoto kupita ndani. Moto mkubwa uliwaka chini, na joto karibu lote likapanda juu pamoja na moshi. Nyumba ilikuwa na moshi kidogo na baridi nyingi, na msitu ulikwisha. Shika jambo hili, maana tutalikuta tena Guatemala na tutalikuta tena kambini: bomba linatoa moshi, lakini bomba peke yake haliokoi kuni. Hizo ni kazi mbili.

Wa kwanza tunayemjua sana aliyejaribu kufanya kazi zote mbili ni Benjamin Franklin, yule wa Philadelphia ambaye Wamarekani wameweka sura yake kwenye noti ya dola 100. Katika miaka ya 1740 alibuni jiko la chuma la kuingiza ndani ya meko ili joto libaki chumbani, na mwaka 1744 akachapisha kijitabu cha kulieleza. Hakutaka hati ya kumiliki ubunifu wake. Alisema kwamba tunafaidi ubunifu wa wengine, basi na sisi tutoe wetu bure. Moyo mzuri, ila jiko lenyewe lilisumbua. Moshi ulitakiwa ushuke chini kwanza ndipo upande kwenye dohani, na moshi hupenda kupanda tu. Dohani ikiwa baridi, moshi ulirudi chumbani. Wengine walikuja kulirekebisha baadaye, na likaendelea kubeba jina lake.

Wa pili ndiye ninayetaka tukae naye zaidi, kwa sababu alikuwa mtu aliyekimbia kwao. Jina lake Benjamin Thompson, alizaliwa Massachusetts mwaka 1753. Vita ya uhuru wa Marekani ilipoanza yeye alikuwa upande wa mfalme wa Uingereza. Mwaka 1776 aliondoka na Waingereza, akamwacha nyuma mke na binti mdogo. Hakurudi kuishi kwao tena. Simwiti mkimbizi kama sisi, maana alipata vyeo na mshahara mnono, lakini kufunga safari ukiwa umeacha watoto nyuma ni jambo ambalo wengi mnaosoma hapa mnalifahamu.

Alifika Bavaria, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani, akamtumikia mtawala wake. Mji wa Munich ulikuwa umejaa ombaomba. Siku ya mwaka mpya ya 1790 aliamuru wakusanywe, wakapelekwa kwenye nyumba ya kazi. Huko walipewa sufi na pamba za kusokota, na walilishwa. Mimi naona hapo kuna jambo la kumlaumu, maana watu walikamatwa kwanza ndipo wakasaidiwa. Hata hivyo tazama tatizo alilokuwa nalo: watu wengi, chakula kimoja, kuni chache. Ni tatizo la jiko la shule ya kambi. Alitengeneza supu ya shayiri, njegere kavu na viazi, na akaanza kupima kuni kama mfanyabiashara anavyopima sukari.

Aliona kwamba moto wa wazi unapika jikoni nzima, na mpishi pia, kabla ya kupika chakula. Akaufunga moto ndani ya matofali. Kila sufuria ikapata tundu lake na moto wake mdogo chini yake, na njia ya moshi ikapewa kifuniko cha kufungua na kufunga ili hewa ipunguzwe chakula kikishachemka. Moto ukawa mdogo, sufuria ikazama ndani ya jiko badala ya kukaa juu yake. Baadaye alipewa cheo akaitwa Count Rumford. Mwaka 1795 alikwenda London akakuta zile dohani pana zinatapika moshi vyumbani, naye akazifanyia kitu rahisi ajabu: alipunguza ukubwa wa meko, akainamisha kuta za pembeni ili zirudishe joto chumbani, na akabana koo la dohani pale linapoanza. Koo likiwa jembamba, moshi unakwenda kasi na hewa ya chumba haifuati ovyo. Mwaka 1796 aliandika namna ya kufanya hivyo, na matajiri wa London wakamwita nyumba kwa nyumba.

Ukitazama jiko bora lolote linalogawiwa leo, utakuta mambo yale yale ya Munich: moto mdogo uliofungwa, sufuria iliyozama, hewa inayodhibitiwa.

Sasa turuke mpaka karne yetu iliyopita. Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda ghafla duniani kote. Mafuta ya taa yakapanda pia, na wataalamu wakaanza kuandika kwamba maskini wa dunia watamaliza miti. Hapo ndipo jiko la mama wa kijijini lilipoanza kuzungumzwa kwenye mikutano mikubwa.

Guatemala, tarehe 4 Februari 1976, tetemeko la ardhi liliua watu wapatao 23,000, na wengi zaidi wakabaki bila nyumba. Wakati wa kujenga upya, kwenye nyanda za juu karibu na mji wa Quetzaltenango, watu walianza kutengeneza jiko la udongo na mchanga. Kwa Kihispania udongo wa matope ni lodo na mchanga ni arena, wakaunganisha likawa Lorena. Ulikuwa mlima wa udongo uliokauka, umechongwa ndani njia za moto, juu una matundu mawili au matatu ya sufuria, na mwisho una bomba la kutoa moshi nje. Lilijengwa kwa mikono, bila fedha nyingi. Wageni waliliona, wakalipenda, na mafunzo ya kulijenga yakasambaa mabara mengine, Afrika ikiwemo. Walisema linaokoa nusu ya kuni.

Miaka michache baadaye watu walikaa wakapima. Walichemsha maji kwenye Lorena na kwenye mawe matatu, wakahesabu kuni. Mara nyingi Lorena haikuokoa chochote, na mara nyingine ilikula zaidi. Kwa nini? Kwa sababu udongo mzito unakunywa joto. Unawasha moto wa chai, na saa nzima ya kwanza unapasha joto ukuta. Ukipika siku nzima mfululizo, sawa. Ukipika mara moja kwa siku, kama sisi wengi mgao unapopungua, joto lote linabaki kwenye udongo na wewe umekwenda kulala. Tena bomba lilikuwa linavuta moto kuupitisha chini ya sufuria haraka, kabla haujafanya kazi.

Lakini akina mama wengi wa kule hawakulibomoa. Moshi ulikuwa umetoka nyumbani. Walisimama kupika badala ya kuinama, na watoto hawakuanguka motoni. Mtaalamu alikuja na mizani ya kuni, mama alikuwa na mizani yake. Nadhani wote walikuwa sahihi, kila mmoja alipima kitu chake.

Katika miaka ya 1980, Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho huko Oregon, Marekani, alitafuta namna ya kuondoa kasoro hiyo. Jiko lake lilikuwa na chumba cha moto chenye umbo la kiwiko: kuni zinaingia kwa pembeni, moto unapanda kwenye shimo fupi la wima lililozungukwa na kitu chepesi kama majivu, kisichokunywa joto. Moshi unaungua humo ndani kabla ya kufika kwenye sufuria. Waliliita jiko la roketi kwa sababu ya mvumo wake.

Kwetu Afrika Mashariki historia ilipita njia nyingine, njia ya mkaa. Mbabula ya Kongo, imbabura ya Rwanda na Burundi, burjiko la Wasomali, jiko la bati la Nairobi: yote ni ndugu. Agosti 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mkubwa wa nishati jijini Nairobi. Kutokana na juhudi za miaka hiyo, wabunifu wa Kenya, mmoja wao Maxwell Kinyanjui, walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand, lenye udongo wa kuchoma ndani ya bati, wakalitengeneza upya kwa ajili ya sufuria zetu. Mwanzoni udongo ulijaa ndani kote, ukawa mzito na ukapasuka. Wakabana jiko katikati likapata kiuno, udongo ukabaki sehemu ya juu tu panapokaa moto. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo walilifua kwa nyundo zao, wafinyanzi wakachoma udongo, na kila fundi akashindana na mwenzake mpaka bei ikashuka. Feki zilikuwepo, na zipo hadi leo. Lakini kufikia katikati ya miaka ya 1990 mamia ya maelfu yalikuwa majumbani, na umbo lile lenye kiuno lilivuka kwenda Tanzania, Uganda, Rwanda na kwingineko.

Kwa wanaopika kwa kuni, wanawake wa chama cha Maendeleo ya Wanawake walisambaza jiko jingine: pete ya udongo wa kuchoma ambayo mama anaizungushia matope mwenyewe nyumbani kwake. Baadaye liliitwa Upesi. Vikundi vya wanawake wafinyanzi wa magharibi ya Kenya vilipata kipato kwa kuzichoma na kuziuza. Halina bomba, lakini linakula kuni chache kuliko mafiga, na kuni chache ni moshi mchache.

Uchina na India nazo zilijenga majiko kwa mamilioni. Uchina ilipita milioni 100 kwa muda wa miaka kumi hivi, mengi yakiwa na bomba. India ilijenga mengi pia, lakini mengi yalikuja kuachwa: bomba liliziba masizi, udongo ukapasuka, na hakuna aliyerudi kuuliza.

Sasa tuje nyumbani, yaani kambini. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya siku moja hivi. Julai wengine wanaokaribia milioni moja waliingia Goma. Kambi za Kibumba, Katale na Mugunga zilikaa kando ya hifadhi ya Virunga, na wote hao walihitaji kupika siku ileile. Miti ilianguka kiasi kwamba mwaka huohuo UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Ngara nako vilima vilibaki vipara. Wenyeji waliona, na bado wanakumbuka. Mzee wa kijiji akikutazama vibaya ukiwa na panga na kamba, ujue kuna historia nyuma ya macho yake, hata kama wewe ulizaliwa baadaye.

Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, na zilifundisha jambo zito zaidi. Wanawake waliokwenda porini kutafuta kuni walishambuliwa na kubakwa, na mwaka 1993 jambo hilo lilijulikana duniani. Mwaka 1998 mradi wa kugawa kuni ulianza. Walioupima miaka michache baadaye walikuta kwamba kuni zilipokuwepo za kutosha, mashambulizi ya porini yalipungua. Lakini mashambulizi ya mahali pengine yaliongezeka. Nasema hivi kwa uwazi kwa sababu wapo wanaomwambia mama kwamba jiko jipya litamlinda. Jiko linalopunguza safari za porini kutoka nne kuwa mbili ni jambo kubwa sana kwa mama na kwa binti yake. Lakini mwenye kosa ni mbakaji, na kumkomesha ni kazi ya polisi, ya viongozi wa zoni na yetu sisi wanaume. Tusimwachie jiko.

Na watoto? Guatemala tena, kuanzia mwaka 2002, watafiti waliwapa baadhi ya familia jiko lenye sahani ya chuma juu na bomba la moshi, na nyingine zikaendelea na moto wa wazi kwa muda wa utafiti. Moshi uliomfikia mtoto ulipungua karibu nusu. Nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi moja, ingawa ukihesabu nimonia zote kwa jumla tofauti haikuonekana wazi. Malawi walijaribu jiko la kisasa lisilo na bomba, lenye feni ndogo, kwa watoto zaidi ya 10,000. Nimonia haikupungua. Moshi wa takataka zinazochomwa, wa majirani na wa sigara ulikuwa bado upo hewani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani unaua mamilioni ya watu kila mwaka, kwa hiyo hatuzungumzii kuwashwa macho tu.

Basi, mama uliyeuliza: utoboe nyumba?

Tazama kwanza paa lako. Kama ni hema au turubai la plastiki, au nyasi, jibu langu ni hapana. Bomba la moto likigusa turubai, plastiki inayeyuka na kushika moto, na nyumba zetu zimepangwa karibu karibu. Kwako jiko lisilo na bomba, kwenye kibanda cha kupikia kilicho wazi juu ya kuta, ni bora kuliko bomba linalopita kwenye nyasi. Acha nafasi kati ya ukuta na paa, upande wa juu, moshi utoke. Hilo halina gharama, na wengi tunaliziba kwa sababu ya baridi.

Kama una nyumba ya tofali na bati, bomba linawezekana. Lipitishe kwenye ukuta au kwenye bati, kamwe lisigusane na mbao au mwanzi. Zungushia udongo mahali linapopita. Nje lipande mpaka lipite kilele cha paa, la sivyo upepo ukipiga bati utaurudisha moshi ndani. Bomba fupi linalotoka ukutani na kuishia hapohapo ni mapambo tu. Juu weka kofia ya bati kuzuia mvua. Wengi wanatumia makopo ya mafuta ya mgao yaliyounganishwa. Yanafanya kazi, lakini bati lake ni jembamba, linapata joto kali na kutoboka kwa kutu, kwa hiyo sehemu ya chini inayofikiwa na watoto ijengee udongo. Mfinyanzi akikutengenezea vipande vya bomba la udongo wa kuchoma, vitadumu zaidi.

Ukumbuke koo la Rumford. Kama moto unavuma kwa nguvu na kuni zinakwisha haraka, bomba linavuta kupita kiasi. Weka kipande cha bati cha kuliziba kidogo, lakini usilizibe lote wakati kuna moto au makaa. Kama moshi unarudi wakati wa kuwasha, bomba ni baridi: washa kwanza nyasi kavu kidogo zipashe hewa ya ndani ipande, ndipo uingize kuni. Na masizi yatolewe mara kwa mara kwa kijiti chenye kitambaa au majani makavu. Ukisubiri mpaka moshi uanze kurudi umechelewa, tena masizi yenyewe yanaweza kuwaka ndani ya bomba. Haya ndiyo yaliyoyaua majiko mengi ya India.

Kuhusu jiko lenyewe, udongo wako usiwe mzito kama mlima. Changanya majani makavu yaliyokatwakatwa, majivu au pumba za mpunga, ili joto lisinywewe. Sufuria izame, na nafasi kati yake na ukuta wa jiko iwe kama upana wa kidole. Ikiwa pana zaidi moto unatoroka, ikiwa finyu moto unazimika na moshi unarudi mlangoni. Kwa hiyo jiko hujengwa kwa kipimo cha sufuria unayotumia kila siku, na ikiwa unatumia mbili tofauti sana, acha mafiga matatu nje kwa ile kubwa. Usione aibu.

Kuni zipasuliwe nyembamba na zikauke. Kuni mbichi inachemsha maji yake kwanza, ndipo ikuchemshie yako. Ziingize kwa ncha, uzisukume kadiri zinavyoungua. Maharagwe yaloweke usiku, funika sufuria, na yakishachemka punguza moto, maana maji yanayochemka taratibu yana joto lilelile la yanayorukaruka. Mambo haya hayahitaji mradi wala semina, na kwenye nyumba nyingi yanaokoa kuni sawa na jiko jipya.

Neno moja kwa wenye mkaa. Mkaa ulioshika hauna moshi, na hapo ndipo unapoua. Unatoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, analegea, analala, haamki. Usiingize mbabula ndani ukafunga mlango, hata usiku wa baridi, hata kama mtoto mchanga anatetemeka. Mfunike, mkumbatie, lakini jiko libaki nje.

Ukitaka kujua kama jiko jipya linakufaa, usimwamini aliyelileta wala mimi. Funga mizigo miwili ya kuni zinazolingana, za mti mmoja na ukavu mmoja. Wa kwanza upikie mafiga, wa pili upikie jiko, chakula kilekile, watu walewale. Hesabu milo. Andika, au mwambie mtoto wa shule akuandikie, utuletee studio kabla ya Ijumaa. Jumamosi tutavisoma vipimo vyenu hewani bila kutaja majina, pamoja na swali la yule baba anayeuliza kama inafaa kukausha kuni juu ya jiko usiku. Haifai, ziondoe kabla ya kulala.